Taa nyekundu ya shangazi na goti lake

Wiki hii nazungumzia jambo lililoingia katika familia yetu, tena kwa gharama kubwa: taa nyekundu ya tiba.

Shangazi yangu ana miaka 67. Mwaka jana aliteleza bafuni akaumia goti la kulia, ambalo lilikuwa limeshaanza kusagika. Hospitali walimpiga picha, mfupa haukuvunjika. Wakampa dawa za maumivu na kumpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akapangiwa mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku.

Wiki tatu baadaye jirani akamwonyesha video kwenye simu: mama mmoja amekaa mbele ya taa nyekundu, anasema goti limepona na makunyanzi yamepungua. Shangazi akachukua mgao wake wa kikoba, laki nne na nusu, fedha ya mabati ya chumba cha uani, akanunua taa. Nilipompigia simu nikamwamkia na kumuuliza habari za goti.

"Marahaba, mwanangu. Mazoezi nimeacha. Sasa natibiwa na mwanga."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuulizauliza.

Kwanza nikiri kwamba jambo hili si uchawi wala si uongo mtupu. Mwaka 1967 daktari wa Hungaria, Endre Mester, alimulika leza kwenye ngozi ya panya walionyolewa, akitaka kujua kama italeta saratani. Saratani haikutokea, ila manyoya yaliota haraka zaidi. Tangu hapo wataalamu wamechunguza mwanga mwekundu na ule wa infraredi usioonekana kwa macho. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga huo hufyonzwa na mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, na huenda ukapunguza uvimbe na kusaidia seli kujikarabati.

Yapo maeneo ambako tiba hii imeonyesha faida. Miongozo ya kimataifa inaipendekeza kuzuia vidonda vya mdomoni kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani wanaopata mionzi au dawa kali. Mwaka 2009 jarida la The Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio 16 yenye wagonjwa 820 wa maumivu ya shingo, na leza hafifu ilionekana kupunguza maumivu. Kwa ngozi, majaribio madogo yameonyesha makunyanzi kupungua kidogo kwa wanaotumia mara kwa mara.

Sasa turudi kwenye goti. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2022 unasema wagonjwa wa viungo vilivyosagika wasipewe tiba ya leza, kwa sababu ushahidi wa faida hautoshi. Mwongozo huohuo unasema kila mgonjwa apewe mazoezi. Yaani shangazi aliacha kilichothibitishwa, akashika kinachotiliwa shaka.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Si kila taa nyekundu ni taa ya tiba. Balbu nyekundu za kulelea vifaranga nazo ni nyekundu, lakini kazi yake ni kutoa joto. Joto hulegeza misuli, ni kweli, ila mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi anaweza kuungua bila kujua.

Kwa hiyo msomaji, kabla ya kutoa fedha, zingatia haya:

Pata kwanza jina la ugonjwa. Goti linalovimba ghafla, lenye joto na homa, au kidonda kisichopona, ni la hospitali siku hiyohiyo.

Uliza kifaa kinatoa mwanga wa kipimo gani. Vifaa vingi vya tiba hutaja nanometa, kati ya 600 na 700 kwa mwekundu, na zaidi ya 800 kwa infraredi. Muuzaji akishindwa kujibu, funga pochi.

Usikodolee macho taa hiyo. Usiimulike mahali penye uvimbe usiojulikana au saratani. Kama unatumia dawa zinazofanya ngozi iathirike na mwanga, kama doksisaiklini, muulize daktari kwanza.

Na usiache dawa wala mazoezi kwa ajili ya taa. Uzee wenye afya bado unajengwa kwa mambo ya kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wazee wakiwemo, watembee au wajishughulishe angalau dakika 150 kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na ya kujizuia kuanguka siku tatu au zaidi. Ongeza maharage, dagaa na mayai, usingizi wa kutosha, na kupima presha.

Tulimrudisha shangazi kwa mtaalamu. Alimpima mapaja kwa utepe, la kulia lilikuwa limekonda kuliko la kushoto. Hakumgombeza. Alimwambia, "Mama, taa yako baki nayo, lakini ukiizima tu, simama ufanye mazoezi."

Ndivyo anavyofanya hadi leo: dakika kumi za taa, kisha kuketi na kuinuka kitini mara kumi, mara tatu. Mwezi uliopita alikwenda sokoni kwa miguu na kurudi na kapu lake mwenyewe. Yeye anasema ni taa. Mimi nimeamua kutobishana naye, mradi kiti hakikai bure.

Mabati bado hatujanunua. Tukutane wiki ijayo.