Kitabu kikichakaa, tuiulize mashine yenyewe

Miaka michache iliyopita nilimnyima mwanafunzi wangu alama mbili, na hadi leo jambo hilo halijanitoka moyoni. Niliuliza katika mtihani: GDB, ile debaga itumikayo kusaka hitilafu ndani ya programu nyingine, imeandikwa kwa lugha gani? Yeye alijibu C++. Maandishi niliyofundishia yalisema C. Nikamkosesha.

Siku ya kurudisha karatasi alinijia kwa adabu, akafungua msimbo wa programu hiyo kwenye kompyuta. "Samahani, mwalimu, hebu tazama hapa," akasema. Nilitazama, nikaona haya. GDB, aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1986, iliandikwa kwa C kwa miaka mingi. Lakini tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017, haijengeki bila kompaila ya C++. Maandishi yangu yalikuwa yakisema kweli ya jana.

Wala si mimi peke yangu niliyeachwa nyuma. Hata mwongozo ambao watunzaji wa GDB waliandika kueleza undani wake ulipitwa na wakati, hata wakauondoa.

Je, tutupe vitabu vikuukuu? La, hasha! Chukua mfano wa kuisimamisha programu mahali fulani. Katika prosesa za aina ya x86, debaga huihifadhi baiti ya kwanza ya amri iliyopo mahali hapo, kisha huandika badala yake baiti yenye thamani ya 204. Huo ndio mtego. Prosesa ikiufikia, kazi hukatizwa, na kiini cha Linux huiarifu debaga inayoifuatilia programu kwa mwito uitwao ptrace. Programu inapotakiwa kuendelea, baiti ya asili hurejeshwa, amri ile moja hutekelezwa, na mtego hutegwa upya. Kanuni hii ni kongwe, na ingali hai. Kilichobadilika ni lugha ya msimbo, majina ya mafaili na mpangilio wa kazi ndani yake.

Kwa hiyo kitabu cha zamani hutufunza sababu ya jambo. Msimbo hutuonyesha linavyofanyika leo. Anayetaka kuhakikisha ana njia. GDB ina amri, "set debug infrun 1", inayoifanya isimulie hatua zake yenyewe inapoendesha na kusimamisha programu. Aidha, GDB moja yaweza kuichunguza GDB nyingine, kama daktari ampimaye daktari mwenzake.

Nawasihi walimu wenzangu: jibu la mwanafunzi likipingana na kitabu, tusikimbilie kalamu nyekundu. Tumwambie athibitishe mbele ya darasa. Nanyi wanafunzi, ubishi bila ushahidi ni kelele tu. Fungueni msimbo, jaribuni, kisha andikeni masahihisho ili wajao nyuma yenu wasipotee mlipopotea ninyi.

Yule kijana nilimrudishia alama zake mbili. Yeye alikuwa na ujasiri wa kuja kuniuliza. Kinachoniumiza ni kutojua ni wangapi kabla yake waliojibu sawa, wakakoseshwa, wakanyamaza, na wakaondoka wakiamini kuwa wao ndio wajinga.