Kutoka Githongo: Majani Mawili, Mapokezi Mawili

Mlima Kenya na vilima vyake huteremsha majani mawili mpaka Mombasa. La kwanza ni jani la chai, nalo hupokewa kwa heshima zote: huwekwa ghalani, huonjwa na mabwana wenye vijiko, hunadiwa mnadani, kisha hupakiwa merikebuni kwenda Pakistani na Misri. La pili ni jani la kutafuna, yaani miraa na ndugu yake muguka. Hilo hupokewa na vijana wanaolingojea barabarani kama wanaongojea mwezi mwandamo, na wazazi wanaolingojea kama msiba.

Mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa na riziki hapa Githongo, nchi ya Abothuguchi, Meru. Kila niteremkapo kuwaamkia wazee, hapakosi mtu wa kunishika mkono barazani na kuniuliza: "Ehe, bwana, hao watu wako wa bara wana nini na watoto wetu?" Nikirudi huku, muuza ndizi sokoni naye huniuliza: "Mzee, hao watu wako wa Mombasa wana nini na riziki ya wenzetu?" Basi nimekuwa balozi wa pande mbili bila mshahara wala bendera.

Yafaa kwanza tujue nani analima nini, maana barazani kwetu mtu yeyote atokaye Meru huhesabiwa mwenye shamba la miraa. La hasha! Miraa yenye sifa ni ya Igembe, kwenye milima ya Nyambene, kaskazini yetu. Muguka ni wa Mbeere, upande wa Embu, kusini yetu. Sisi wa Githongo tumo katikati kama nyama ndani ya sambusa. Huku ni chai, kahawa, ndizi na ng'ombe wa maziwa, na ukungu ambao asubuhi nyingine hukuzuia kumwona jirani yako, jambo ambalo si hasara kila siku.

Hapa pana kiwanda cha chai chenye jina la mji wenyewe, na habari kuu ya mwaka si uchaguzi wala mpira, ni bonasi. Wakulima hupata malipo kidogo kidogo kila mwezi, kisha mwisho wa mwaka wa chai huja fungu kubwa. Likija nene, utaona magodoro yakipanda bodaboda, mabati yakipanda mikokoteni, na watu wakiwakumbuka mashemeji waliokuwa wamewasahau. Likija jembamba, utasikia siasa mpaka masikio yazibe. Nayo bei hiyo, ndugu msomaji, huamuliwa Mombasa mnadani. Kwa hiyo muuza ndizi wangu anaponiuliza habari za Mombasa, haulizi kwa udaku, anauliza habari za karo ya mwanawe.

Kuhusu chakula, msinihurumie sana. Huku kuna mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani mabichi hata vikawa rangi ya kijani. Kuna na githeri, ambayo kwa mtu wa kwetu ni ile ile pure ya mahindi na maharage, ila haijabahatika kukutana na nazi. Nilipoitia tui nikawakaribisha majirani, mmoja alionja, akanyamaza, akaonja tena, kisha akauliza kama ni chakula au ni peremende. Sahani yake ilirudi tupu. Nyama ndiyo inayonipa safari, maana huwa sina budi kwenda mpaka Meru mjini kutafuta ya halali. Na chai huku hupikwa kwa maziwa mengi hata ukiomba ya mkandaa, mwenye nyumba hudhani umegombana naye.

Lakini udugu wetu na watu hawa si wa sufuria peke yake. Wameru wenyewe husimulia kwamba asili yao ni kisiwa cha pwani kiitwacho Mbwaa. Walitawaliwa huko na watu waliowaita Nguo Ntuni, yaani Nguo Nyekundu, wakaonewa mpaka wakatoroka usiku, na maji yakawapasukia njia. Msomaji aliyesoma kisa cha Nabii Musa na Firauni hana haja ya kufasiriwa. Wapo wanahistoria waliosema Mbwaa ni Manda, pale pale mbele ya Lamu. Nguo Nyekundu walikuwa akina nani hasa, wataalamu wamebishana, lakini wazee wa hapa hawabishani: hunitazama mimi. Kwa tahadhari, tangu nisikie kisa hicho sivai fulana nyekundu siku ya soko.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Mwezi wa Mei mwaka 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kuingia, kusafirishwa na kuuzwa katika kaunti ya Mombasa. Gavana Gideon Mung'aro wa Kilifi akafuata, na Andrew Mwadime wa Taita Taveta naye hakubaki nyuma. Hoja yao ilikuwa afya na watoto. Kwetu wazazi wakashusha pumzi. Huku juu zikapanda kelele. Gavana wa Embu, Bi Cecily Mbarire, akasimama na wakulima wake, na siku chache baadaye Rais William Ruto akatangaza kwamba amri zile hazina nguvu, kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi. Kabla mwezi haujaisha Mahakama Kuu ya Embu ikatoa amri ya muda ya kuzisimamisha. Magari yakarudi barabarani kwa mwendo wao ule ule, ambao hata jini angelazimika kupisha.

Ukiitazama katiba utaona kwa nini kila mtu alikuwa na karatasi mkononi. Sheria ya mazao inaitambua miraa kuwa zao la nchi nzima. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti huduma nyingi za afya, na pia udhibiti wa dawa za kulevya. Basi mmoja anasema "hili ni zao", mwingine anasema "hili ni ulevi", na jani lenyewe limekaa kimya ndani ya mfuko.

Ubishi huu si wa leo, wala hatukuuanzisha sisi. Mwaka 1511 mtawala wa Makka, Kha'ir Bey, alipiga marufuku kahawa. Naam, hii hii kahawa tunywayo kwa vikombe vidogo baada ya Isha tukihukumu mambo ya dunia! Marufuku ile haikudumu, na leo mtu atakayesema kahawa ni haramu atanyweshwa kikombe kwa nguvu. Karne ile ile Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, aliulizwa kuhusu mirungi ya Yemen. Alikuta walioila wanatoa ushahidi unaopingana, huyu asema inachangamsha, yule asema inadhuru. Hakukata haramu moja kwa moja, bali alinasihi watu wajiepushe na jambo lenye shaka.

Huo ndio uzani wa watu wa elimu. Dunia ya leo nayo haijakubaliana: mwaka 2006 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani haikupendekeza miraa iwekwe chini ya mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya, ilhali Uingereza iliifungia mlango mwaka 2014. Kwa hiyo anayedhani jambo hili litamalizwa kwa tamko moja la asubuhi, ama la gavana ama la rais, anajichosha.

Mtaniuliza: basi wewe uko upande gani? Mimi niko upande wa yule kijana wa miaka kumi na minne. Mwenye kuona mtoto akitafuna majani na ubani wa peremende tangu adhuhuri, usiku halali, asubuhi haamki kwa shule wala kwa Alfajiri, hana haja ya kamati ya Geneva kumwambia kuwa mambo si mema. Muguka ni rahisi kuliko miraa, na urahisi wake ndio mguu wake wa kumfikia mtoto. Lakini niko vile vile upande wa mama wa Mbeere, ambaye ardhi yake ni kavu, mvua yake ni ya kubahatisha, na kichaka kile ndicho kilichosimama mahindi yalipokauka. Ukimwambia ang'oe, mwambie na cha kupanda. Pande zote mbili zilisema sana mwaka ule, lakini hilo la cha kupanda lilipata wasemaji wachache.

Ajabu ni kwamba dawa ya nusu ya ugonjwa huu ipo Meru kwenyewe. Kwa mila za zamani miraa haikuwa kitu cha kila mdomo. Ilikuwa ya wazee. Kulikuwa na kitita maalumu, ncoolo, kilichofungwa kwa majani ya mgomba na kupelekwa kwa wazazi wa msichana kuposa. Kijana aliyejitafunia hovyo alikuwa na kesi na wakubwa wake, na wazee wa Njuri Ncheke hawakuwa watu wa kuchezewa. Jani lilikuwa na wakati wake, na umri wake, na adabu yake. Kilichoondoka si jani, ni mipaka yake, na biashara ndiyo iliyoiondoa. Jani la mzee likageuzwa bidhaa ya kila kona, hata mlangoni mwa shule.

Kwa hiyo ninapokaa baina ya muuza ndizi wa Githongo na mzee wa barazani, naona ugomvi wao ni mdogo kuliko wa magavana. Mzee wa Kimeru anasema jani hili si la watoto. Mzazi wa Mombasa anasema jani hili si la watoto. Neno ni moja, lugha ndizo mbili. Magavana wa pwani wangewaalika wazee wa Meru na Mbeere waje wakae na masheikh na wazazi wa Majengo na Kisauni, wapange pamoja umri wa mnunuzi, saa za kuuza, na umbali wa kibanda na shule na msikiti, pangekuwa na jambo la kumfungia mtu njia ambalo hakuna mahakama ya Embu wala ya Mombasa ingelipinga kwa wepesi. Marufuku ni ukuta, na ukuta huruka wenye magari ya mbio. Mpaka uliokubaliwa na mwenye shamba na mwenye mtoto hulindwa kutoka pande zote mbili.

Wa kuandaa chakula cha kikao hicho nipo. Nitapika githeri yenye nazi, na chai itakuwa ya Githongo. Sharti langu moja tu: pasiwe na mtu atakayekuja amevaa nguo nyekundu.