Kabla ya kuagiza kontena, waulize watoto

Wiki chache kabla ya shule kufunguliwa Januari, mitaa ya Kariakoo hufurika mabegi, viatu, madaftari na chupa za maji. Fedha ni za mzazi, lakini mara nyingi anayechagua ni mtoto aliyeshikwa mkono. Mzazi anauliza bei, mtoto anatazama rangi na picha. Ikifika Machi, mfanyabiashara aliyeleta picha zisizotakiwa anauza kwa hasara ili walau sehemu ya mtaji irudi.

Ajabu ni kwamba mlaji huyu mwenye kauli haulizwi kitu. Mwagizaji humwuliza wakala, wakala humwuliza mwenye duka, naye mwenye duka huchungulia jirani ameleta nini. Maoni ya safu hii ni kwamba hasara hiyo inaweza kupunguzwa kwa utafiti mdogo wa soko unaofanywa na watoto kwa njia ya mchezo, mradi matokeo yake yasomwe kwa jicho la hesabu.

Makampuni makubwa yalilitambua hilo zamani. Fisher-Price ya Marekani ilifungua chumba cha michezo mwaka 1961 huko East Aurora, jimbo la New York, ili wabunifu wake wawatazame watoto wakichezea bidhaa kabla hazijaenda sokoni. LEGO ya Denmark ilichunguza kwa takriban miaka minne namna wasichana wanavyocheza, ndipo ikaingiza sokoni aina ya LEGO Friends mwaka 2012. Hapa Dar es Salaam, Ubongo, watengenezaji wa katuni za Ubongo Kids zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2014, huvijaribu vipindi vyao kwa watoto wenyewe.

Kwa nini mchezo, na si maswali? Kwa sababu mtoto akiulizwa na mkubwa hujibu lile analodhani mkubwa anataka kulisikia. Katika malezi yetu, kumwambia mgeni kwamba kitu chake hukipendi ni utovu wa adabu. Hata Uingereza, mtafiti Janet Read na wenzake, walioandika kuhusu jambo hili mwaka 2002, walitumia nyuso zilizochorwa, kuanzia iliyonuna hadi inayocheka. Ikaonekana kwamba watoto wadogo huelekea kuchagua ile inayocheka zaidi, karibu kwa kila kitu. Mfanyabiashara anayehesabu vicheko hivyo kama oda za mauzo anajidanganya.

Mchezo unaofaa watoto wetu wanaujua tayari: kucheza duka. Mchanga ni unga, majani ya mti ni noti. Mpe kila mtoto vizibo 10 vya soda viwe fedha yake. Panga sampuli za mabegi, kila moja na bei yake, na pembeni uweke vitu vinavyoshindana nayo, kama mpira, biskuti na penseli za rangi. Kisha kaa kimya utazame. Mtoto anayelisifu begi lakini vizibo vyake vikaishia kwenye mpira amekwisha kukujibu.

Rudia mchezo baada ya wiki moja, kwani kitu kipya huvutia siku ya kwanza tu. Panda bei kutoka vizibo 4 hadi 6 uone nani anabaki. Hiyo ndiyo kanuni ya mahitaji na bei, bila kitabu.

Hata hivyo, watoto 20 wa mtaa mmoja si soko la taifa. Mchezo huu hauwezi kukuambia uagize mabegi mangapi. Kazi yake ni kukuonyesha sampuli ya kutupa kabla hujailipia. Aidha, mshindi wa watoto apelekwe kwa wazazi, maana wao watauliza kama zipu inadumu.

Lipo pia suala la haki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo omba ruhusa ya mzazi, usichukue majina wala picha, na mtoto akichoka aachwe aende. Zawadi ya shukrani iwe sawa kwa wote. Mchezo usigeuzwe hila ya kumfanya mtoto akalilie begi nyumbani, kwani mzazi akigundua, umepoteza mteja na mtaa wake wote.

Kwa mwekezaji mdogo anayeshawishiwa kuweka akiba yake katika bidhaa za watoto, swali la kuuliza ni moja: watoto walifanya nini walipopewa nafasi ya kuchagua kitu kingine? Akijibiwa kwamba walifurahi sana, asitoe fedha kwanza.

Gharama ya zoezi zima ni sampuli chache, vizibo na mchana mmoja au miwili. Kontena likishashushwa bandarini, jibu la mtoto utalipata hata hivyo, ila utakuwa umelilipia.