Risala ya Wakazi wa Mabondeni na Wachimbaji Wadogo kwa Wakuu wa Mikoa ya Shinyanga na Geita

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa,

Tunaleta kwenu dai moja: kinga ya mafuriko isingoje msiba wala kampeni.

Machi 2015, mvua kubwa ya mawe iliua watu zaidi ya 40 Mwakata, wilayani Kahama. Ilikuwa usiku, kuta za udongo ziliwaangukia wamelala. Rais Jakaya Kikwete alifika mwenyewe kuwapa pole wafiwa. Mwaka huohuo, uliokuwa wa uchaguzi, ikatungwa Sheria ya Menejimenti ya Maafa, na mwaka 2022 ikatungwa nyingine mahali pake, inayotaka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Tarehe 7 Novemba mwaka huo, ukingo wa bwawa la majitope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba ya wenzetu wa Ng'wanholo na Nyenze. Mvua ya mawe haizuiliki. Ukingo uliojengwa na binadamu hukagulika.

Kinachotuuma ni hiki. Anayetafuta kura hutuahidi umeme na kalavati bondeni humuhumu. Maji yakiingia ndani, tunaitwa wavamizi. Kumhamisha mtu kunapoteza kura, na mtaro hauzinduliwi kwa ngoma, basi yote mawili huahirishwa mwaka hadi mwaka. Unga na mablanketi ndivyo hufika upesi, pamoja na wapiga picha. Tunavipokea kwa shukrani, lakini havizuii maji.

Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ni vilevile. Januari 2024 wachimbaji 22 walifukiwa Ng'alita, mkoa jirani wa Simiyu, wakati wa mvua. Amri ya kufunga shimo peke yake haimzuii mtu ambaye watoto wake hawajala. Anahitaji eneo salama la kuchimba, lenye leseni.

Kwa hiyo tunadai kamati za maafa za vijiji zipewe fungu katika bajeti ya kila mwaka, uwe wa uchaguzi au la. Migodi mikubwa hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mapato yake ghafi: sehemu yake itengwe kwa mitaro na makalavati, na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ripoti za ukaguzi wa mabwawa ya majitope zisomwe hapohapo, kwa Kiswahili. Na anayetakiwa kuhama aonyeshwe kwanza kiwanja chake kipya.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya mvua za Novemba.