KBC Ifungue Chaneli ya Mbio za Magari, Tena Bila Malipo

Safari Rally ikifika Naivasha, runinga zetu hujaa vumbi la Kedong na Soysambu kwa siku nne. Wachambuzi huitwa studioni, wanasiasa hupigwa picha kando ya magari, na hata asiyejua gia anamtaja Kalle Rovanperä. Ikifika Jumatatu, kimya. Shabiki wa Keroka, Ogembo au Ekerenyo anarudi kwenye simu yake kutafuta vipande vya dakika mbili mbili mpaka bando likatike. Mambo yamekuwa hivi tangu mbio za dunia ziliporejea nchini 2021, na visingizio tumevisikia vya kutosha.

Jibu liko wazi. KBC ifungue chaneli ya michezo ya magari, ya mwaka mzima, inayotangaza kwa Kiswahili, na mtazamaji asilipie chochote kila mwezi. KBC ni shirika la umma. Leseni inayo, mitambo ya kurusha mawimbi inayo kupitia kampuni yake ya Signet, na tangu tuhamie dijitali 2015, masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja sasa hubeba kadhaa. Shirika hilohilo lilipotaka kuwafikia vijana lilianzisha Y254. Hakuna aliyesema haiwezekani.

Wakuu wa runinga huuliza: mtaonyesha nini mwaka mzima? Anayeuliza hivyo haufuatilii mchezo huu. Ubingwa wa taifa huandaliwa raundi baada ya raundi, na nyingi hupita bila Mkenya wa kawaida kuona hata kona moja. Kuna autokrosi, ambako dereva chipukizi hujifunza kabla ya kuingia rally. Kuna motokrosi. Kuna Rhino Charge, iliyoanza 1989 na kuchangisha pesa zilizojenga ua wa kuzunguka msitu wa Aberdare. Kuna mbio za magari ya zamani zilizoanza 2003. Ukivuka mpaka, Uganda wana Pearl of Africa, Tanzania wana Mkwawa Rally kule Iringa, Rwanda wana Mountain Gorilla. Madereva wetu huenda huko kushindana, na Karan Patel ameshatwaa ubingwa wa Afrika, lakini ni wangapi kati yetu waliomwona akiendesha nje ya Naivasha?

Halafu kuna historia, ambayo peke yake inaweza kujaza jioni nyingi. Mbio za Safari Rally zilianza 1953. Joginder Singh alishinda 1965 akiwa na Volvo, kisha 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda 1973, halafu akashinda miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Ian Duncan akashinda 1994. Wazee wetu walizifuatilia redioni kila Pasaka, Sauti ya Kenya ikisoma nafasi za magari, na bado wanayataja majina hayo bila kukosea. Kijana wa miaka 20 wa Nyamira hajawahi kuona picha za Mehta zikisonga. Filamu za enzi hizo zipo. Zionyeshwe.

Kisingizio cha pili ni pesa, na hiki tukijibu kwa makini kwa sababu kina ukweli ndani yake. KBC imebeba madeni ya miaka mingi. Lakini serikali hiyohiyo ndiyo iliyotia mkono mfukoni kuyarudisha mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002, na pesa hizo ni kodi, ya mchuna chai wa Nyamira sawa na ya mwenye hoteli wa Naivasha. Nchi inayogharamia mchezo kwa kiasi hicho kisha ikauonyesha siku nne tu ni kama mkulima wa Nyansiongo anayelisha ng'ombe wa gredi mwaka mzima na kumkamua wikendi moja.

Wala hatuombi helikopta. Hizo ni za mashindano ya dunia. Raundi ya kitaifa inaweza kuonyeshwa vizuri kwa kamera ndogo ndani ya gari, kamera moja penye kona mbaya, nyingine penye maji, nyingine kwenye uwanja wa mafundi, na mtangazaji anayejua anachokiona. Chaneli ianze na Jumamosi na Jumapili, siku nyingine zichukuliwe na marudio na vipindi vya ufundi. Ikipata watazamaji, itakua.

Na watangazaji wa biashara wapo. Pita kwenye gereji za jua kali mjini Kisii uhesabu mabango: matairi, betri, oili, bima, vipuri. Wenye bidhaa hizo wanamtafuta mteja mmoja tu, naye ni mtu anayependa magari. Uingereza, Sky ilifungua chaneli nzima ya Formula 1 mwaka 2012. Hapa Afrika, SuperSport ina chaneli yake ya mbio za magari. Kampuni hizo hazikufanya hivyo kwa huruma, ziliona biashara. Tofauti ni kwamba zote mbili zinamtaka mtazamaji alipe kwanza, na mwendesha bodaboda wa Kebirigo ana karo ya shule ya kulipa kabla ya kufikiria king'amuzi cha kulipia.

Kuna wanaotuambia tusubiri, eti siku moja rally italetwa Gusii. Ahadi ya namna hiyo huvuta makofi mkutanoni, lakini haina mashiko. Naivasha na Elmenteita kuna mashamba makubwa ya mifugo ambako barabara inaweza kufungwa kutwa bila kumziba mtu njia. Huku kwetu, kutoka Suneka hadi mji wa Nyamira, boma linafuata boma. Migomba inaishia ukingoni mwa barabara, na ng'ambo ya barabara chai ya jirani inaanza. Ukiifunga barabara ya kijijini kwa saa sita umewafungia wanafunzi, umefungia maziwa yanayopelekwa kuuzwa, umemfungia mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya rufaa mjini Kisii. Mbio za kiwango cha dunia hazina pa kupita hapa, na anayewaambia watu vinginevyo anawapotezea wakati. Kwenda Naivasha nako ni safari ya zaidi ya kilomita 200, na ukifika unatafuta pa kulala wiki ambayo vyumba vimepanda bei. Kwa mtu wa Gusii, mchezo huu utaonekana kwenye runinga au hautaonekana.

Kuuelewa tayari anauelewa. Mtazame fundi wa Probox aliyelala chini ya gari kwenye gereji ya Daraja Mbili. Anaondoa springi zilizochoka, anaweka ngumu zaidi, anainua gari ili lipite kwenye murram ya Nyamache msimu wa mvua. Vipimo vyake viko mkononi na sikioni. Kwenye rally kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyohiyo, wakipewa dakika chache kwenye uwanja wa mafundi kubadilisha gia boksi nzima kabla gari halijarudi njiani. Huyu fundi hajawahi kuwaona wakifanya kazi. Picha anazopata ni za gari linaporuka na gari linapobingirika, kwa sababu hizo ndizo zinazosambaa.

Wanaouona mchezo kwa karibu huingia. Phineas Kimathi, aliyekuwa dereva wa rally na baadaye mwenyekiti wa shirikisho la michezo ya magari nchini, alimpa mwanawe jina la McRae, kwa heshima ya Colin McRae, Mskoti aliyeshinda Safari ya 2002. Mwaka 2022 kijana huyo alikuwa Sweden akishindana kwenye theluji. Mwaka huohuo Maxine Wahome, kutoka familia inayojua rally, alishinda daraja la WRC3 hapa nyumbani. Tunawapongeza kwa dhati. Ila mtoto wa Kenyenya ambaye baba yake hana gari la mashindano naye apate mahali pa kuuonea mchezo, na mahali hapo ni runinga ya sebuleni kwao au ya hoteli ya sokoni.

Wazazi wengine wana hofu kwamba mbio kwenye runinga zitawafundisha vijana kuendesha kwa kasi. Hofu hiyo tunaielewa; tumewazika vijana wengi kwa sababu ya barabara. Lakini kasi wameshaijua. Simama kwenye barabara ya Kisii kwenda Keroka jioni uone Probox iliyojaa hadi buti, abiria mmoja amebanana na dereva kwenye kiti chake, na mkanda haujafungwa na yeyote. Kijana huyo anayeshika usukani hakufunzwa na chaneli ya mbio za magari, kwa maana haipo.

Angeiona, angeona mambo ambayo vipande vya mtandaoni havionyeshi. Angeona kwamba kabla ya mashindano dereva na mwelekezi wake huipita njia yote polepole, wakiandika kila kona, kila jiwe, kila mteremko. Angeona kofia ngumu, mikanda inayobana mabega yote mawili, na mabomba ya chuma yaliyozunguka ndani ya gari. Angeona barabara imefungwa, na mashindano yakisimamishwa watu wakisogea karibu mno. Sébastien Ogier, aliyeshinda hapa 2021 na 2023, haingii kwenye kona kabla ya kusomewa ikoje. Mtangazaji mzuri akilieleza hilo Jumamosi baada ya Jumamosi, litamfikia kijana kuliko bango la barabarani.

Mtangazaji huyo azungumze Kiswahili. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alitutangazia kandanda kwa Kiswahili mpaka asiyekuwa uwanjani akauona mpira. Mbio za magari hazina ugumu ambao lugha hii haiwezi kuubeba. Mafundi wetu huzungumza springi, gia, breki na tairi kwa Kiswahili kutwa nzima. Redio za Ekegusii nazo, Egesa FM mojawapo, zinaweza kuchukua taarifa za kila raundi na kuzifikisha kwa bibi aliye jikoni ambaye mjukuu wake hazungumzi lingine ila magari.

Kwa hiyo tunasema na watu watatu. KBC: anzeni na raundi inayofuata ya ubingwa wa taifa. Msisubiri studio mpya, msiunde kamati ya kuchunguza kama watu wanapenda magari. Na pale mawimbi yanapokwama nyuma ya milima yetu, ongezeni mitambo, maana chaneli isiyofika Marani wala Miruka haina faida kwetu.

Shirikisho la michezo ya magari: waandalizi wa kila raundi waipe KBC picha bila kuidai pesa miaka ya kwanza. Dereva anayeonekana hupata mfadhili, na ukosefu wa wafadhili ndicho kilio chenu cha kila mwaka.

Na wabunge wetu, 9 wa Kisii na 4 wa Nyamira: bajeti ya KBC hupita mikononi mwenu. Safari hii ikifika mezani, mmoja wenu asimame aulize chaneli hii itaanza lini, na asikubali kuketi kabla ya kupewa tarehe.