Kompyuta ya Ofisi na Safari ya Kariakoo



Juma hili sikukusudia kuandika juu ya kompyuta. Lakini baadhi yenu mliofika ofisini siku za karibuni kuomba vyeti mmerudi nyumbani mikono mitupu, nami nimeyasikia manung'uniko, hata lile lisemalo kwamba Padre ameiuza mashine ya parokia. Sikuiuza. Ilikufa, nikaenda kuitafutia vipuri, na safari hiyo imenifundisha jambo ambalo nalazimika kuwashirikisha, ijapokuwa sehemu yake inanitia aibu.

Kompyuta yetu ya mezani ilinunuliwa mwaka 2009. Mtakumbuka kwamba dalili za uzee zilianza na saa yake. Ndani ya kila mashine ya namna hii kuna betri ndogo, mviringo kama sarafu, ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuitunzia kompyuta tarehe wakati umeme umezimwa. Yetu ilipokwisha, kila asubuhi mashine iliamka ikiamini kwamba ni Januari 2009. Ndivyo mtoto mmoja wa kigango alivyopewa cheti kilichotolewa miaka kadhaa kabla hajazaliwa, na bibi yake, mwenye macho makali kuliko ya katibu wetu, akakirudisha akicheka. Betri hiyo hupatikana hata kwa mafundi saa. Tuliibadilisha, tukadhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Jumanne moja mashine ilizimika katikati ya kazi na haikuwaka tena. Kijana mmoja wa kwaya, ambaye ni fundi, aliifungua. Vumbi lilikuwa limejaa kama ndani ya kengele isiyopigwa. Akanionyesha sanduku la bati lililo kwenye kona, ambalo mafundi hukiita pawa saplai: ndilo linalopokea umeme wa ukutani, volti 230, na kuupunguza hadi volti 12, 5 na 3.3 zinazohitajika ndani. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa na kuvuja. "Padre, kompyuta haijafa," akasema. "Kilichokufa ni hiki tu."

Katika kikao cha Halmashauri ya Walei maoni yaligawanyika. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema kwamba kumtibu mgonjwa wa umri huo ni kupoteza fedha, tuchangishe tununue mpya. Nilimpinga siku ile, na bado nampinga, ingawa si kwa nguvu ile ile. Naona kwamba tumezoea mno kuita kitu kizima "kibovu" kwa sababu ya kiungo kimoja. Mtu aliyetobokewa na tairi hanunui gari jipya. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vifaa vya umeme, na ni chini ya robo yake tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo; zilizobaki huchomwa, hufukiwa, au hukaa stoo. Papa Fransisko alipouonya ulimwengu dhidi ya utamaduni wa kutupa, katika waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, naamini hakuwa anawaza juu ya ofisi yetu, lakini ofisi yetu haikusamehewa.

Basi nikapanda basi kwenda Dar es Salaam.

Wapo watakaouliza kwa nini sikukipata kifaa hicho mjini kwetu. Tangu katikati ya miaka ya 1990 kuna umbo moja la pawa saplai linalokubaliwa na watengenezaji wengi, na lau kompyuta yetu ingekuwa ya umbo hilo, duka lolote lingetosha. Lakini yapo makampuni makubwa yaliyoamua kutengeneza makasha membamba yenye pawa ya umbo lao peke yao na plagi zao peke yao, na mashine yetu ni ya ukoo huo. Jambo hili nalisema bila kumung'unya maneno: kuuza kitu ambacho kiungo chake cha bei nafuu hakipatikani pengine popote ni kumfunga mnunuzi kamba mguuni. Hana kosa, ila siku kampuni ikichoka, naye amekwisha.

Kariakoo niliingia maduka mengi. Nilikuwa nimevaa kiraia, na vijana wakaniamkia "Shikamoo mzee" kwa moyo mkunjufu mno kwa mtu ambaye bado hajafika miaka hamsini. Duka la kwanza waliniambia hizo hazitoki tena. La pili walinipa pawa mpya iliyoandikwa wati 500, lakini ilikuwa nyepesi kama kopo la kahawa. Fundi wangu alikuwa amenionya: pima kwa mkono kabla ya kusoma lebo, kwa maana pawa ya kweli ina shaba na chuma ndani, na uzito hauwezi kughushiwa kwa wino. Niliirudisha. Nilitafuta pia kumbukumbu, ile waiitayo ramu, ili kumwongezea mzee wetu pumzi. Hapo nako kuna vizazi: cha pili kilianza kuuzwa mwaka 2003, cha tatu 2007, cha nne 2014, na kila kizazi kimekatwa pengo mahali pake ili kisiingie kwenye nyumba ya mwenzake. Anayelazimisha huvunja. Isitoshe, tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za ramu mpya zimepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili mnemba. Ya kizazi chetu cha pili niliipata iliyotumika, kwa bei ya mlo wa watu wawili.

Duka la mwisho lilikuwa ghorofani, chumba kidogo kilichojaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Humo nilikuta mashine pacha na yetu, imechinjwa nusu, na pawa yake nzima. Mwenye duka aliiwasha mbele yangu, tukakubaliana shilingi 35,000. Ningeondoka hapo ningekuwa na habari njema tu ya kuwaandikia.

Lakini fundi wetu alikuwa ameniagiza pia diski, kwa kuwa ya kwetu imeanza kukwaruza. Mwenye duka akatoa moja iliyotumika, akaiunganisha ili nione kwamba inafanya kazi. Ilifanya kazi. Kwenye kioo yakatokea majalada ya shule fulani: majina ya wanafunzi, alama zao, barua za wazazi wanaoomba kuongezewa muda wa ada, na jalada moja lenye kichwa kinachohusu nidhamu. Nilimwomba azime. Yeye hakuona ajabu. "Hizi zinakuja hivi hivi, mzee," akasema. "Ukifika nyumbani unafuta."

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki kwa muda. Mwaka 2012, nikiwa paroko msaidizi mahali pengine, mimi kwa mkono wangu niliwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu kompyuta ya ofisi ya parokia ile. Nilikuwa nimefuta majalada kwa kuyatupa kwenye kile kikapu cha kwenye kioo, nikajiona mwangalifu. Sikujua, na pengine sikutaka kujua, kwamba kufuta kwa namna ile ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu kizima. Ndani ya diski ile kulikuwa na mafaili ya ndoa: nani alizaliwa nje ya ndoa, nani aliomba uchunguzi wa ndoa yake ya kwanza na kwa sababu gani. Watu walimweleza Padre wao mambo yale mlango ukiwa umefungwa. Sijui diski ile ilifunguliwa kwenye meza ya nani.

Siku hizi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inatugusa sisi pia. Lakini waamini wale hawakuhitaji sheria ili wawe na haki ya kutunziwa siri.

Kwa hiyo hoja yangu imebadilika kidogo tangu kile kikao. Vipuri vilivyotumika, ndiyo: pawa, ramu, feni, kibodi, vyote hivyo havina kumbukumbu ya mwenyewe wa kwanza. Diski iliyotumika, hapana. Hainunuliwi na haiuzwi. Kwanza hujui imebakiza umri gani, kwa maana ni sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika na siku moja husimama bila kuaga. Pili, ni kama kununua kabati la mtu pamoja na barua zake. Nilinunua diski mpya, nayo iligharimu kuliko pawa na ramu kwa pamoja. Mzee wangu wa Halmashauri alipoiona risiti alitabasamu, na nilimwachia tabasamu lake.

Kompyuta imewaka tangu Alhamisi. Haitaunganishwa tena na intaneti, kwa sababu programu endeshi iliyomo iliacha kupokea marekebisho ya usalama tangu Januari 2020. Kazi yake itakuwa kuchapa vyeti basi. Vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, ambavyo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inamtaka kila paroko avitunze, viko kabatini kama vilivyokuwa, na katibu anaendelea kuingiza majina upya kutoka humo. Mliorudishwa, njoni kuanzia Jumatano.

Diski yetu ya zamani tuliitoboa kwa keekee uani, matundu matatu, mbele ya katibu na mwenyekiti. Fundi amekubali kuwafanyia hivyo bila malipo waamini wote Jumamosi ijayo baada ya Misa ya asubuhi. Kama una kompyuta mbovu chini ya kitanda na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshaanza kupita mtaani kwako, ilete kwanza. Atatoa diski, nawe utauza kilichobaki.