Kamera ya kwanza ya chini ya maji: Ziwa Tanganyika haliombi ile kubwa

Anayetaka kupiga picha ndani ya Ziwa Tanganyika mara nyingi huanza hesabu kwa upande mbaya. Anauliza kwanza bei ya kamera, kisha kina inachoweza kufika, na mwisho kabisa ndipo anakumbuka mwanga. Hesabu hiyo ingegeuzwa. Mwanga uje kwanza, halafu samaki anayetafutwa, halafu kina. Kamera yenyewe inaweza kungoja.

Sababu ni kwamba maji hula rangi. Nyekundu ndiyo inayotangulia kupotea: katika meta 5 za kwanza sehemu kubwa imekwisha, hata kama maji ni meupe na jua ni kali. Rangi ya machungwa inafuata, kisha manjano. Samaki mwenye mabaka mekundu akipigwa picha kwenye meta 15 bila taa anatoka wa kijivu, na kamera ya dola 3000 itamtoa wa kijivu vilevile kama ile ya dola 400. Mwenye dola 600 mfukoni atafanya vizuri kununua kamera ndogo na taa nzuri, kuliko kumaliza zote kwa kamera moja isiyo na taa.

Kwa wakaaji wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba, hili si jambo la watalii wa baharini. Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, karibu meta 1470, na karibu asilimia 45 ya eneo lake ni la Kongo. Ndani yake mna aina zipatazo 250 za siklidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Sokoni watu wanajua ndagala na mukeke. Wale wadogo wa kwenye mawe wanajulikana zaidi Ulaya na Marekani, ambako wanauzwa wakiwa hai kwa watu wanaofuga samaki katika vioo nyumbani. Picha zao nyingi zilipigwa na wageni. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyefanya biashara ya samaki hao kutoka Bujumbura, alitoa mwaka 1989 kitabu kinene kuhusu samaki wa ziwa hili. Kazi kubwa, hakuna wa kuikataa. Lakini mtoto wa Fizi anayetaka kuona samaki wa mbele ya kijiji chake hapaswi kungoja kitabu kutoka ng'ambo.

Na kuna haraka. Miti inakatwa kwenye milima iliyo juu ya ziwa, mvua inashusha udongo, na tope linafunika mawe ambako samaki hawa wanakula na kuzaa. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mahali penye tope jingi aina za viumbe zinapungua. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulipasua mtaa na kuua watu Uvira. Nyumba zilizobomoka zilipigwa picha siku ileile. Mawe yaliyo chini ya maji mbele ya mji, ni nani aliyeyapiga picha kabla na baada?

Kazi hiyo haihitaji kwanza hata chupa ya hewa. Siklidi wanaoitwa Tropheus, ambao rangi zao hubadilika kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, wanakula mwani juu ya mawe kwenye meta chache tu za juu. Miwani ya kuzamia, bomba la kupumulia, mapezi ya miguu na kamera ndogo ya aina ya GoPro vinatosha. Kamera hiyo inaingia hadi meta 10 bila kasha, na ndani ya kasha lake la kinga hadi meta 60. Inaona kwa upana, kwa hiyo inafaa kwa mawe, kundi la samaki, au ufuko mzima.

Udhaifu wake unaonekana kwa kilicho kidogo. Wako siklidi wanaokaa ndani ya maganda matupu ya konokono, wengine hawafiki sentimita 5. Kwenye kamera ya namna hiyo wanakuwa nukta. Hapo ni afadhali kamera ndogo kama TG-7 ya OM System, inayoweza kuona kitu kilicho sentimita 1 mbele ya lenzi, inayovumilia meta 15 ikiwa peke yake, na meta 45 ndani ya kasha lake. Kama mtu ana uwezo wa kununua moja tu na moyo wake uko kwa samaki wenyewe, achukue hii.

Kamera kubwa za kubadilisha lenzi ziachwe kwanza. Kasha lake peke yake mara nyingi linagharimu sawa na kamera au zaidi, na siku kamera inapobadilishwa kasha nalo linakuwa takataka. Wako pia wanaoona kwenye mtandao zile Nikonos za zamani, mali ya heshima iliyotokana na kamera ambayo Mbelgiji Jean de Wouters alimbunia Cousteau. Ni nzuri kwa kabati. Zinatumia filamu, nani atasafisha filamu hiyo Kalemie?

Taa isikae karibu na lenzi. Karibu na mdomo wa Ruzizi au mto wowote maji yana chembe za tope, na taa iliyo kando ya lenzi inawasha kila chembe, kama mvua inavyoonekana mbele ya taa za gari usiku. Iwekwe kwenye mkono wa pembeni, ielekee samaki kwa upande. Na mpiga picha asogee. Picha iliyopigwa ndani ya meta moja inaishinda ya meta tatu karibu kila mara, kwa sababu kati ya lenzi na samaki kuna maji machache.

Adui mkubwa wa kasha ni unywele mmoja. Ukikaa kwenye kipira cha kuziba, au chembe moja ya mchanga, maji yanaingia na kamera imekwisha. Kipira kisafishwe, kipakwe grisi ya silikoni kidogo sana, na kasha tupu lizamishwe kwanza ndani ya beseni kabla ya kuiweka kamera. Lisifunguliwe mtumbwini kwa mikono yenye maji. Ziwa letu halina chumvi inayokula chuma kama bahari, hiyo ni bahati, lakini mchanga upo. Betri mbili za akiba pia ni lazima, maana umeme wa kuzijaza hautangojea safari.

Kwa atakayeshuka na chupa ya hewa, mafunzo yanatangulia kamera, na pesa zake zitolewe kwanza. Uso wa Tanganyika uko karibu meta 770 juu ya bahari, na wakufunzi wanahesabu kila kitu kinachozidi meta 300 kuwa uzamiaji wa mahali pa juu: majedwali ya baharini hayatumiki bila kusahihishwa. Cheti cha mwanzo cha PADI kinaishia meta 18. Mzamiaji mpya mwenye kamera anasahau kuangalia hewa, anapanda bila kujua, anakanyaga mawe aliyokuja kuyapiga picha. Mpaka mwili utulie majini bila kufikiri, kamera ibaki ufukoni. Mamba na viboko hawaombi cheti. Wavuvi wa mahali waulizwe kabla ya kuingia.

Halafu jiwe moja lichaguliwe. Lipigwe picha kutoka upande uleule, kina kilekile, katika mwezi uleule wa kila mwaka, na tarehe iandikwe. Nakala ipelekwe kwenye kituo cha utafiti wa maji cha Uvira, CRH, na nyingine ibaki shuleni. Picha kumi za namna hiyo, hata za samawati kidogo, zina kazi zaidi ya samaki mmoja mzuri wa kuweka kwenye simu.